Umetengua, lakini uchafu bado upo: kutambua na kuondoa uharibifu katika Wikipedia ya Kiswahili

Mlima Kilimanjaro una kimo cha mita 5,895. Mtu akifungua makala yake katika Wikipedia ya Kiswahili na kuandika 5,985, hakuna kengele itakayolia. Hakuna tusi, hakuna aya iliyofutwa, na idadi ya herufi ni ileile. Mwanafunzi atanakili, mwalimu atasahihisha daftari akiangalia ukurasa huohuo kwenye simu yake, na kosa litakuwa limepita mikononi mwa watu wawili waliotaka kujua ukweli.

Kwa sababu hiyo simwogopi sana anayefuta ukurasa mzima na kuandika matusi. Huyo huonekana na kila mpita njia. Namwogopa aliyegusa namba moja akaondoka. Na zaidi yake namwogopa msafishaji mwenye haraka, anayetengua (yaani kuondoa na kurudisha yaliyokuwepo) badiliko la mwisho tu na kuacha matatu yaliyo chini yake, kwa sababu baada ya hapo ukurasa huonekana umeshashughulikiwa na hakuna anayerudi kuutazama.

Nimeupanga mwongozo huu kwa dalili, jinsi fundi anavyosikiliza mlio wa gari kabla ya kufungua boneti. Majina ya vitufe yanaweza kutofautiana kidogo kati ya simu na kompyuta, lakini kazi yake ni ileile.

Kwanza kabisa, historia

Usiguse kitufe chochote kabla ya kufungua Historia ya ukurasa. Humo mna kila toleo tangu makala ilipoanzishwa: nani alibadilisha, lini, ukurasa uliongezeka au kupungua baiti ngapi, na muhtasari aliouandika, kama aliandika. Toleo la zamani halipotei, kwa hiyo huna sababu ya kukimbia.

Unachotafuta si badiliko baya. Unatafuta toleo la mwisho lililo zima, yaani lisiloharibiwa. Anzia juu, shuka polepole, linganisha toleo moja na jingine mpaka ufike kwenye lile ambalo ungekubali kulisimamia mbele ya darasa. Mara nyingi utakuta mlolongo wa namna hii: mtu ameingiza uongo, mwingine amekuja akaandika matusi juu yake, kisha roboti (programu inayohariri yenyewe) imepita ikaongeza jamii, yaani kundi la mada, chini ya ukurasa, na mwishowe msomaji mwema amesahihisha herufi ndani ya sentensi ileile ya uongo. Ukitengua la mwisho, umeondoa usahihisho wa tahajia tu. Uongo wenyewe umebaki, na sasa una makosa ya tahajia.

Kwenye Mabadiliko ya karibuni, ukurasa unaoorodhesha maharirio mapya ya makala zote, zipo alama zinazosaidia kuchagua pa kuangalia. Namba ya kupungua iliyokolezwa wino maana yake baiti nyingi, takriban 500 au zaidi, zimeondolewa. Lebo ya mfumo inaweza kukuambia kwamba ukurasa umeachwa mtupu au kwamba badiliko limekwisha kutenguliwa. Anayehariri bila kujisajili huonekana kwa jina la muda linaloanza na alama ya ~ na mwaka. Katika historia za zamani utaona namba za anwani ya IP. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ushahidi. Watu wengi walioijenga kamusi elezo hii walianza kwa kusahihisha neno moja bila akaunti, wakiwa kwenye simu, bila kuandika muhtasari. Soma badiliko lenyewe.

Ukurasa ni mtupu, au umebaki mstari mmoja

Chanzo cha kawaida ni mtu anayejaribu kuona kama kweli kila mtu anaweza kuhariri. Chanzo kingine ni ajali: ameteua maandishi yote kwenye kioo kidogo cha simu, akagusa pasipotakiwa, akahifadhi. Dawa ni moja, rudisha toleo zima.

Ila kuna chanzo cha tatu ambacho kinanifanya nisome kila kilichofutwa kabla ya kukirudisha. Huenda aliyefuta ndiye anayesemwa kwenye makala, au ndugu yake, na kilichofutwa ni uongo.

Mwezi Mei 2005 mtu asiyejisajili aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba John Seigenthaler, mwanahabari wa Marekani aliyewahi kufanya kazi na Robert Kennedy, alidhaniwa kuhusika katika mauaji ya Rais John Kennedy na ya Robert mwenyewe. Haikuwa kweli hata kidogo. Maneno hayo yalikaa zaidi ya miezi minne. Mwishoni mwa mwaka huo Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasiojisajili kuanzisha makala mpya, na kisa hicho ndicho kilichochochea uamuzi huo. Sasa fikiria Seigenthaler angeingia mwenyewe na kufuta aya ile bila kueleza chochote, nawe ukairudisha kwa sababu tu uliona namba kubwa iliyokolezwa. Ungekuwa umemtukana mara ya pili.

Kwa hiyo, kama makala inamhusu mtu aliye hai na kilichofutwa ni tuhuma isiyo na tanbihi, usiirudishe. Iache nje, kisha andika kwenye ukurasa wa majadiliano kwa nini umeiacha.

Matusi, majina ya marafiki, "nakupenda fulani"

Hili ni jepesi. Rudisha toleo zima, andika muhtasari mfupi bila kurudia tusi, kisha uende kwenye ukurasa wa majadiliano wa aliyeandika na kumwachia maneno mawili ya heshima. Wengi ni wanafunzi. Anayeambiwa "karibu, ukitaka kujifunza anzia kwenye ukurasa wako wa majaribio" ana nafasi ya kurudi kama mwandishi.

Tatizo letu ni nani atakayeliona. Wikipedia ya Kiingereza ina roboti iitwayo ClueBot NG, iliyoanza kazi mwaka 2010, inayotambua uharibifu na kuutengua muda mfupi baada ya kuhifadhiwa. Wikipedia ndogo husaidiwa na wajitolea wanaozunguka lugha nyingi kwa usiku mmoja, na wengi wao hawajui Kiswahili. Nawashukuru kwa moyo wote, kwa sababu wamewahi kusafisha kurasa wakati sisi tumelala. Lakini mtu wa namna hiyo atamkamata aliyeandika "aaaaaa" au tusi la Kiingereza, ilhali fumbo la Kipwani, kejeli ya Kisheng au utani wa kikabila uliovaa lugha safi utampita. Pia anaweza kutengua maneno yasiyo na hatia: neno kaka, tunalomwitia ndugu kwa upendo, kwa Kifaransa na Kihispania linasikika kama neno la watoto la kinyesi. Kwa hiyo ukiona badiliko limekwisha kutenguliwa na mgeni, usidhani kazi imekwisha. Soma kilichoondolewa na kilichobaki.

Tusi likiambatana na namba ya simu, mahali mtu anapoishi au siri ya afya yake, kutengua peke yake hakutoshi, kwa kuwa toleo lile bado linasomeka katika historia. Mwombe mkabidhi (mtumiaji aliyepewa mamlaka ya usimamizi) alifiche, na umwombe kwa barua pepe badala ya ukurasa wa wazi, usije ukawaonyesha watu njia ya kufika kwenye jambo unalotaka kulificha.

Namba au tarehe imebadilika, hakuna maelezo

Hapa pana kazi. Fanya mambo haya kwa mpangilio.

Fungua tanbihi iliyo mwishoni mwa sentensi hiyo. Kama chanzo bado kinasema namba ya zamani, badiliko halina msingi. Kama tanbihi haipo, linganisha na makala ya lugha nyingine, lakini usiifanye hukumu, maana lugha nyingine nayo inaweza kuwa imeharibiwa au imenakili kutoka kwetu.

Kisha bofya Michango, orodha ya mabadiliko yote ya aliyebadilisha. Hapo ndipo ukweli hujitokeza mara nyingi. Mtu aliyebadilisha kimo cha mlima, mwaka wa kuzaliwa wa mwandishi na idadi ya watu wa mji mmoja ndani ya dakika kumi, bila chanzo hata kimoja, anachezea. Mtu aliyegusa namba ya kata yake tu huenda anaijua kuliko wewe.

Usisahau kwamba namba hubadilika kwa haki. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ile ya 2022 ilihesabu 61,741,120. Anayeweka namba ya pili mahali pa ile ya kwanza hajaharibu kitu. Kosa lake, kama lipo, ni kuacha "sensa ya 2012" na tanbihi ya zamani pembeni, kwa hiyo sentensi sasa inadai kitu ambacho sensa ile haikusema. Usitengue. Malizia kazi aliyoianza: badilisha mwaka, weka chanzo kipya.

Yapo pia mabadiliko yanayofanana na uharibifu kumbe ni hoja. Mmoja anaandika kwamba Tanzania ilipata uhuru 1961, mwingine anaweka 1964, na wanatenguana. Wote wawili wameshika kipande. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na ikaungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964. Sentensi ikiandikwa upya kwa kutaja vyote viwili, ugomvi unaisha. Anayeandika kwamba mlima Kilimanjaro uko Kenya ni suala jingine: mlima uko Tanzania karibu na mpaka, unaonekana vizuri kutoka Amboseli, Kenya, na makala inaweza kusema yote hayo bila kuuhamisha.

Nina msimamo mkali kuhusu tarehe za vifo. Mwezi Machi 2021 uvumi juu ya afya ya Rais John Magufuli ulizagaa kwa siku nyingi kabla ya Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan kutangaza kifo chake tarehe 17 Machi. Katika siku kama hizo kamusi elezo haina haki ya kutangulia wenye msiba. Anayeweka tarehe ya kifo bila tangazo la kuaminika atenguliwe, hata kama siku chache baadaye itathibitika kwamba mtu yule amefariki. Wakati alipoandika, hakuwa na chanzo.

Umetengua, ukurasa unaonekana safi kwenye historia, lakini msomaji bado anaona uchafu

Bofya Hariri chanzo na utafute lile neno baya ndani ya maandishi. Hatua hii moja huokoa muda mwingi, kwa sababu jibu lake linakupeleka njia mbili tofauti.

Ukilikuta, hukushuka vya kutosha. Rudi kwenye historia.

Usipolikuta, uchafu hauko katika makala hii. Huenda ni nakala ya zamani tu iliyobaki kwenye seva au kwenye kivinjari cha msomaji. Ongeza ?action=purge mwishoni mwa anwani ya ukurasa, thibitisha ukiulizwa, kisha tazama upya. Ikiwa bado, angalia kigezo, yaani kipande kinachoandikwa mara moja na kutumiwa katika kurasa nyingi. Makala nyingi hubeba vigezo, kama kile kinachosema makala ni mbegu (fupi, bado haijakamilika) au kile kinachoorodhesha mikoa ya nchi chini ya ukurasa. Mtu akiandika tusi ndani ya kigezo kimoja, litatokea kwenye kila ukurasa unaokitumia, na katika makala hizo historia haitaonyesha badiliko lolote. Orodha ya vigezo vinavyotumika iko chini ya sanduku la kuhariria. Vifungue kimoja kimoja na usome historia ya kila kimoja. Ukikuta kilichoharibiwa na kinatumika sana, mwombe mkabidhi akilinde baada ya kukisafisha.

Baada ya vigezo, tazama picha. Picha zetu nyingi hukaa Wikimedia Commons, ghala la faili linalotumiwa na Wikipedia za lugha zote, na mtu anaweza kupakia faili jipya juu ya la zamani kwa jina lilelile. Bofya picha, fungua ukurasa wake kule Commons, utaona matoleo ya faili na uwezo wa kurudisha la awali.

Kinachosahaulika zaidi ni Wikidata. Tangu mradi huo uanze mwaka 2012, taarifa nyingi fupi huhifadhiwa huko na kutumiwa na lugha zote. Maelezo mafupi unayoyaona chini ya jina la makala kwenye simu, na baadhi ya taarifa katika sanduku la kando, yanaweza kuwa yametoka huko. Fungua kiungo cha Wikidata kwenye menyu ya ukurasa, angalia mstari wa Kiswahili, kisha historia ya kitu hicho. Wajitolea wa lugha nyingine hawasomi mstari wa Kiswahili. Tusipousoma sisi, unaweza kukaa mwaka mzima.

Mwisho kabisa, kama uchafu unaonekana kwenye matokeo ya injini ya kutafutia tu, huko hatuna kitufe. Wao huchukua nakala kwa wakati wao. Hakikisha kwetu na Wikidata ni safi, kisha subiri.

Kitufe cha kutengua kinakataa

Mfumo ukisema badiliko haliwezi kutenguliwa, sababu ni kwamba mtu mwingine ameshabadilisha mahali palepale baadaye. Fungua toleo zima la zamani, bofya Hariri ukiwa ndani yake, uhifadhi. Onyo la kwamba unahariri toleo la zamani litatokea, na lina maana: kila kizuri kilichoongezwa tangu siku ile kitaondoka nacho. Kwa hiyo, kabla ya kuhifadhi, fungua ukurasa wa pili pembeni na urudishe kwa mkono zile aya na jamii zilizoongezwa na watu wema. Inachosha, lakini ndiyo tofauti kati ya kusafisha na kubomoa.

Kitufe cha kurejesha, walicho nacho wakabidhi na wachache waliopewa ruhusa, huondoa kwa mpigo mabadiliko yote yaliyofuatana ya mtu wa mwisho. Kina nguvu, na hakikupi nafasi ya kueleza. Kitumike kwa uharibifu ulio wazi tu.

Jina la makala limebadilika

Mtu amehamisha ukurasa kwenda jina la ajabu. Usinakili maandishi ukayabandike kwenye jina la zamani, maana historia itagawanyika na majina ya waandishi yatabaki upande mwingine. Tumia Hamisha kurudisha ukurasa mzima. Ukikataliwa, mwite mkabidhi.

Hakuna tusi, lakini Kiswahili hakisomeki

Hili linaniuma kuliko matusi. Makala ndefu, ina vichwa, ina tanbihi, na kila sentensi imepinda: ngeli zimevurugika, "yeye" limewekwa kila mahali, majina ya watu yametafsiriwa kana kwamba ni nomino. Imetoka kwenye mashine ya kutafsiri na kubandikwa bila kusomwa. Aliyeibandika huenda alitaka kusaidia, lakini msomaji aliyekuja kutafuta maarifa kwa lugha yake anaondoka akiamini kwamba lugha yake haiwezi kubeba maarifa.

Mwaka 2020 ilibainika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti iliandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo, kwa miaka kadhaa, katika maelfu ya makala. Hakuwa mharibifu kwa nia. Hasara ilikuwa kubwa kuliko ya mharibifu yeyote.

Kutengua hapa husaidia kama toleo la kabla lilikuwa zuri. Kama makala nzima ilianza hivyo, weka kigezo kinachosema lugha inahitaji kusafishwa, mwandikie mhusika, na mkubaliane aya moja aisafishe yeye kabla ya kuleta nyingine. Lakini uwe mwangalifu usiite kosa kile ambacho ni lahaja. Mkenya anaandika kaunti kwa sababu kwake zipo kaunti 47. Mtanzania anaandika wilaya. Mmoja ana tarakilishi, mwingine ana kompyuta. Anayezunguka akibadilisha maneno ya upande mmoja kuwa ya upande wa pili, hata bila kukosea sarufi, anatupotezea watu.

Makala nzima ni ya kubuni

Wikipedia ya Kiingereza iliwahi kuhifadhi makala ya mungu wa Waaborijini wa Australia aitwaye Jar'Edo Wens kwa karibu miaka kumi, kuanzia 2005 hadi ilipofutwa 2015. Mungu huyo hakuwahi kuwepo. Dalili za makala kama hiyo ni hizi: hakuna ukurasa mwingine unaoiunganisha, mwandishi ni mmoja na hakuandika kingine, tanbihi hazifunguki au zinafunguka na kuzungumzia jambo jingine. Usiifute maandishi mwenyewe. Weka kigezo cha kuomba ifutwe na ueleze ulivyotafuta. Wengine watafute pia, kwa kuwa kutopatikana mtandaoni si ushahidi tosha kwetu: mengi ya kweli kuhusu vijiji na wazee wetu hayajawahi kuandikwa popote.

Kila ukitengua, anarudi

Usishindane naye. Ukitengua mara tatu naye akarudi mara tatu, acha, umjulishe mkabidhi pamoja na viungo vya mabadiliko yenyewe. Mkabidhi anaweza kumzuia mtu au kuulinda ukurasa. Julai 2006 mchekeshaji Stephen Colbert aliwahimiza watazamaji wake waandike kwamba tembo wa Afrika wameongezeka mara tatu ndani ya miezi sita. Kumzuia mtu mmoja mmoja kusingefaa, ukurasa ndio ulipaswa kulindwa. Kinyume chake, anayezunguka kurasa nyingi anazuiwa yeye. Kumbuka tu kwamba mtandao wa shule nzima unaweza kutoka kwenye anwani moja, kwa hiyo zuio la siku moja mara nyingi latosha. Akiwa anaharibu lugha kadhaa kwa pamoja, au wakabidhi wetu wote hawapo hewani, peleka ombi kwa wasimamizi wa miradi yote kule Meta-Wiki, tovuti ya kuratibu miradi ya Wikimedia.

Umetengua, kisha ukagundua ulikosea

Imenitokea. Mtu aliondoa aya nzima bila muhtasari, nikairudisha, na kesho yake nilipofungua tanbihi kwa utulivu nikaona aya ile haikuungwa mkono na chanzo hata kidogo. Yeye alikuwa sahihi. Nilitengua kutengua kwangu, nikauweka ukurasa kwenye Maangalizi yangu (orodha ya kurasa ninazozifuatilia), kisha nikamwandikia: "Habari ndugu. Jana nilirudisha aya uliyoiondoa. Nimesoma chanzo, ulikuwa sahihi, nami nimeiondoa tena. Samahani kwa usumbufu. Kama unaijua mada hii, makala bado haina sehemu ya historia, na hakuna aliyeigusa."